Kitapita au Hakipiti

Jumapili, 1 Oktoba

Daftari hili nimepewa leo kanisani Nyakato, bure, pamoja na kalamu ambayo tayari inavuja. Mwalimu Nestory, mgeni wetu wa semina, amesema kila binadamu ameletwa duniani na kusudi lake, na asiyelijua anamaliza ugali wa wenzake. Aliposema hivyo, Prudencia, mke wangu ambaye nimeishi naye miaka thelathini na moja, alinitupia jicho la pembeni. Mimi nikatazama feni.

Masharti ni haya: siku sabini za kujitafakari, tuandike tunayoyaona, na Jumapili ya tarehe kumi Desemba kila mmoja asimame mbele ya watu atamke kusudi lake kwa sentensi moja. Atapewa cheti. Sikutaka kujiandikisha, ni Prudencia aliyeandika jina langu.

"Baba Winnie," aliniambia tukirudi, "tangu Juni unapanga vijiko kwa urefu. Tafuta hilo kusudi kabla hujaanza kunipanga mimi."

Ni kweli kuhusu vijiko. Miaka ishirini na miwili nilikuwa msimamizi wa minofu kwenye kiwanda cha samaki. Mnofu haukutoka mezani bila mimi kuutazama. Mwaka huu samaki wakapungua, na Juni sisi tukapunguzwa. Nina miaka hamsini na saba, mgongo mzima, meno yote kasoro mawili, na hakuna mtu duniani anayenisubiri saa moja asubuhi. Jambo hilo linaniuma kuliko ninavyomwonyesha Prudencia.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeanza kutafakari saa tatu kamili. Saa tatu na dakika kumi nikaitwa. Kabati.

Jumanne, 3 Oktoba

Nieleze habari ya kabati, maana Mwalimu atayasoma madaftari haya na yeye si mtu wa mlimani. Sisi tunakaa Ilemela, juu ya mawe. Barabara ya changarawe inapanda vizuri tu hadi kwenye mawe mawili makubwa kuliko nyumba, halafu inaishia hapo. Katikati ya mawe hayo kuna upenyo wa hatua tisa wenye kona moja. Tunauita Koo. Ukishavuka Koo unakuta tambarare yenye nyumba kumi na saba, na yangu ni ya tatu.

Chini, usawa wa goti, Koo lina sentimita hamsini. Usawa wa kifua lina themanini na nne. Kwa hiyo chochote kikubwa lazima kiinuliwe hadi kifuani, kiingie kwa ubavu, kigeuzwe kwenye kona, ndipo kipite. Mimi nina kamba ya katani yenye mafundo kumi na moja, kila fundo na maana yake. Mtu wa huku hanunui kitanda kabla hajaja kuniuliza, "Mzee Jovinary, kitapita?" Napima, natafakari, nasema: kitapita. Au: hakipiti. Sijawahi kukosea. Ni usumbufu mkubwa kwa mtu anayetafuta kusudi lake.

Alhamisi, 5 Oktoba

Maswali ya Mwalimu, yaliyochapwa kurasa za mwanzo za daftari. Swali la tatu: "Watu hukuita kwa ajili ya jambo gani?" Nimejibu: Hakuna. Makabati tu.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimejiunga na kwaya. Besi. Nahisi ndilo lenyewe.

Jumatano, 11 Oktoba

Mazoezi ya kwaya. Kiongozi wetu, Kokushubira, binti mstaarabu sana, aliniomba nisogee nyuma kidogo. Kisha nyuma zaidi. Wimbo wa tatu niliuimbia nje, kwenye baiskeli, pamoja na mlinzi. Mlinzi anasema sauti yangu imemkumbusha dume la ng'ombe la baba yake kule Misungwi, na machozi yalimlengalenga. Silo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kitanda cha futi tano. Kimepita.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimejaribu kuwa mshauri wa ndoa. Masele, dereva wa lori, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amegombana na mkewe Modesta. Sababu ni kwamba Masele anapenda vitu vikubwa: redio kubwa, sahani kubwa, jogoo ambaye hata majogoo wenzake wanamkwepa. Sasa ananunua tenki la maji bila kumwambia mkewe. Niliwakalisha wote wawili, nikawasomea ukurasa wa nne wa daftari, nikamtaka kila mmoja ataje kosa moja la mwenzake bila hasira.

Baada ya nusu saa walikuwa wameelewana kabisa. Walielewana kwamba mimi niende nyumbani. Nilipokuwa nafunga mlango niliwasikia wakicheka pamoja, kwa hiyo labda nimefaulu, lakini sidhani kama jambo hilo litaandikwa kwenye cheti.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimebandika karatasi mlangoni: NATAFAKARI. USIGONGE. Masele aligonga. "Mzee, shikamoo, nimekuja na lile tenki, lita mia tano." Nikamwambia, marahaba, lakini mimi ninatafuta jambo kubwa kuliko matenki. Akasema sawa, yeye na wenzake watajaribu wenyewe.

Saa kumi. Nasikia makelele. Sitoki.

Saa kumi na moja. Makelele yameongezeka. Prudencia amerudi kutoka sokoni na matope hadi magotini. Anasema tenki limekwama Kooni. Hawakuliinua, walilibiringisha chini chini, limejibana usawa wa goti haliendi mbele wala nyuma. Watu wanapita kwa kulipanda kwa kigoda. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa ameteleza, na dagaa wameingia ndani ya tenki. "Wewe endelea kutafakari," amesema, na amevua viatu vyake mlangoni kwa kishindo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nilivumilia hadi saa nne asubuhi. Kilichonitoa ni sauti. Walikuwa wameanza kuita jina langu, si Masele peke yake, watu kama thelathini, wa upande huu na upande wa pili wa jiwe: "Mzee Jovinary! Mzee Jovinary eeh!" Nilikwenda na kamba, kipande cha sabuni na ndoo mbili za maji. Nikaagiza lipakwe sabuni pande zote, wanne wasukume juu na wawili wavute. "Inua! Usisukume, inua! Masele, tumbo lako ndani!" Dakika kumi na moja. Lilipotoka walipiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikanawa, nikajiona mtu mzima tena, nikakasirika kwa nini nafurahia upuuzi.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimempelekea Bibi Malimi ndizi. Bibi Selina Malimi ni jirani yetu wa nyumba ya mwisho, mjane, miaka sabini na tisa. Miaka minne iliyopita alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya sukari. Siku aliyorudi kutoka hospitali mimi ndiye niliyesimamia apitishwe Kooni. Tulimlaza kwenye godoro, tukamwinua hadi kifuani, tukamwingiza kwa ubavu, tukamgeuza kwenye kona. Khanga ikamtoka, na watu walikuwepo. Alipofika kwake alisema hatabebwa tena mpaka siku ya jeneza. "Mimi si kabati," alisema. Tangu hapo hajashuka. Anakaa barazani akilitazama ziwa lote, kutoka huko hadi huko, na hajaligusa.

"Nasikia unatafuta kusudi," aliniambia leo. "Limepotea lini?"

"Halijapotea, Bibi. Silijui tu."

"Sasa ukiliona utalijuaje?" Nikamenya ndizi. Akaendelea, "Juzi watu walikuita jina mpaka nikasikia huku. Mimi nikiitwa hivyo, mwanangu, nitakwenda hata kwa kutambaa."

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nimekaa wima. "Prudencia! Nimelipata!"

"Nini, soksi?"

"Kusudi! Ni kupitisha! Nimezaliwa kupitisha vitu Kooni!"

Akashangaa kwa Kihaya, "Waitu! Na vijiko nitaviweka nipendavyo?" Nikamwambia aviweke hata kichwa chini miguu juu. Amelala tena akitabasamu. Mimi sijalala.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimefunga mafundo yangu kwenye kamba mpya ya rangi mbili. Nimeweka kiti mdomoni mwa Koo, upande wa kivuli. Naanza kazi saa moja kamili. Nimepitisha meza moja, mabati kumi na mbili, na mbuzi aliyekataa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Sofa. Kabati. Bibi harusi mwenye gauni la duara. Wote wamepita.

Ijumaa, 3 Novemba

Prudencia amekasirika kwa sababu nilitaka kupima kikapu chake cha nyanya. Nilimweleza kwamba kazi ni kazi, haina mke. Akaniambia nipime mdomo wangu kwanza.

Alhamisi, 9 Novemba

Mwalimu Nestory ametutembelea kukagua madaftari. Yeye ni mtu mnene na alivaa suti. Nilimpitisha mwenyewe: "Toa pumzi, Mwalimu. Geuka. Usiogope, jiwe halina meno." Alipoteza vifungo viwili, nikavipata. Alisoma daftari langu barazani akinywa chai, akacheka sana kwenye ukurasa wa dagaa, kisha akanishika bega. "Mzee, wewe umefika," alisema. "Andika hii. Mtu mwenye kusudi ni yule ambaye, akiondoka, mambo hukwama."

Nimeiandika. Nimeipigia mistari miwili chini. Prudencia ameisoma begani kwangu akasema, "Mbona hata jiwe hukwamisha mambo?" Wanawake hawaelewi semina.

Jumapili, 12 Novemba

Leo ni siku mbaya. Nitaiandika yote.

Mkutano wa mtaa ulikuwa saa tisa, chini kwenye barabara. Mwenyekiti wetu Masalu, mtu wa maneno machache ambaye huyasema mara nyingi, alitangaza kwamba ametokea fundi wa mawe, jina lake Luhende, ambaye yuko tayari kulivunja Koo. Atalichoma moto, atalimwagia maji, atalipiga nyundo, na likipasuka, bajaji itafika hadi mlangoni kwa mtu. Kuni na tairi chakavu tutachangia wenyewe.

Watu walipiga makofi, na wengine walisimama. Modesta alipiga kigelegele ambacho sikuwahi kumsikia akipiga hata siku ya ubatizo wa mwanawe. Prudencia alipiga makofi. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa kwenye magoti, haikutaka kutoka hapo.

Nikasimama. Nilisema jiwe ni la asili. Nilisema mababu waliliacha. Nilisema upepo utaingia.

"Mababu wa nani, mzee?" Masele aliuliza. "Wewe ulitoka Bukoba na basi, ukalikuta hapa." Watu wakacheka, na mimi, kwa haya, nikacheka nao.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliopinga tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja ambaye baadaye aliuliza tulikuwa tunapinga nini.

Kiwanda kilinipa miaka ishirini na miwili kabla ya kuniambia hakinihitaji. Koo limenipa wiki tatu.

Jumatano, 15 Novemba

Luhende ameanza. Amechoma jiwe la kushoto, pale tumboni. Saa nane mvua imeshuka, moto umezimika. Nimempelekea pole na chai.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua tena. Moto umezimika tena.

Jumanne, 21 Novemba

Jua siku nzima. Moto umewaka saa sita mfululizo. Maji yakamwagwa, nyundo zikapigwa. Jiwe limetoa ganda moja la ukubwa wa sahani. Luhende amekaa chini akilitazama kama mkwe aliyemkataa.

Alhamisi, 23 Novemba

Lazima niandike jambo hili mahali, na Prudencia nimemficha.

Luhende anachoma mahali pasipo penyewe. Jiwe la kushoto ni zima, unaweza kulichoma hadi siku ya kiama. Jiwe la kulia, chini ya kona, usawa wa goti, lina ufa. Hauonekani. Lakini mtu aliyepitisha vitu hapa miaka kumi na nne, bega lake likisugua hapo mvua na jua, anajua. Mvua ikinyesha jiwe lote hulowa, likikauka hukauka lote, isipokuwa mstari mmoja mwembamba kama uzi, unaobaki na unyevu hadi jioni. Maji yanaingia ndani. Jiwe hilo limeshajichoka lenyewe, linasubiri kuguswa.

Hakuna anayejua ila mimi. Mtu mwenye kusudi, akiondoka, mambo hukwama. Mimi sijaondoka hata, nimenyamaza tu.

Jumapili, 26 Novemba

Kanisani tumeomba mvua ya baraka. Nilisema amina kwa sauti ya besi, watu wakageuka. Mungu anajua nilikuwa naomba ya kuzima moto.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua. Friji. Limepita, lakini Masele hakusema asante, amesema "bado kidogo tu tutapumzika na haya." Nimerudi nyumbani nikapanga vijiko.

Jumamosi, 2 Desemba

Binti wa Bibi Malimi aliyeko Kahama amemletea mama yake kiti cha magurudumu. Kilikuja kimekunjwa, nikakipitisha kwa mkono mmoja. Bibi alikikalia hapo hapo barazani, akaenda mbele, akarudi nyuma, akazunguka. "Wabeja! Wabeja sana!" alikuwa akimshukuru kila mtu kwa Kisukuma, hata kuku. Miaka minne sijamwona akisogea bila kushikwa.

Jumatatu, 4 Desemba

Luhende amesema akishindwa wiki hii anarudi kwao. Nilipaswa kufurahi. Nilikula nusu sahani.

Jumanne, 5 Desemba

Nilikuwa kwenye kiti changu mdomoni mwa Koo. Ilikuwa imenyesha alfajiri, jiwe limeanza kukauka. Nikasikia magurudumu. Bibi Malimi alikuja mwenyewe, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, amejisukuma kutoka nyumba ya mwisho, anahema, mikono imejaa matope. Hakuna mtu aliyemsaidia, na nadhani hakutaka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili ni hiyo siku yenu ya kutaja makusudi. Nataka nije nisikie lako." Akalitazama Koo, halafu akaniuliza kama wanavyoniuliza watu wote. "Kitapita?"

Nilijua jibu. Lakini nilitoa kamba, kwa sababu ameuliza kwa heshima. Nikapiga magoti nikapima magurudumu, nje hadi nje. Sitini na tatu. Nikapima Koo chini, kana kwamba labda limepanuka. Uso wangu ulikuwa karibu na jiwe la kulia, na ule mstari wa maji ulikuwa pale, mbele ya pua yangu, umelowa, mimi nikiutazama na wenyewe ukinitazama.

"Hakipiti, Bibi."

Hakubisha. Angebisha ningepata nafuu. Alitikisa kichwa akasema, "Basi. Kama umesema wewe, ndivyo ilivyo. Wewe hujawahi kukosea." Akageuza kiti, akarudi polepole.

Nilibaki nimepiga magoti. Nimewapitishia watu makabati, matenki, mbuzi na dagaa, na mtu mmoja tu aliyewahi kuniomba apite kwa heshima yake nimemwambia hakipiti, na dawa ninayo mfukoni. Nimejionea aibu. Nimelia kidogo, pale pale, na aliyepita na ndoo nilimwambia ni moshi wa tairi.

Jumatano, 6 Desemba

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Luhende. Nilimshika mkono nikampeleka chini ya kona nikamwonyesha mstari. Alipitisha kidole, akagonga kwa nyundo ndogo, akaweka sikio. Jiwe lilijibu kama chungu kilichopasuka. Akanigeukia.

"Mzee, umeujua lini huu ufa?"

"Juzi."

"Juzi ipi?"

"Luhende," nikamwambia, "choma jiwe."

Ijumaa, 8 Desemba

Nilimwambia asiwashe asubuhi, maana mvua ya ziwani hupiga alfajiri ikaisha. Aliwasha saa tano. Nilibeba kuni mwenyewe, Prudencia akiniangalia. Saa tisa walimwaga maji. Jiwe lilitoa sauti moja tu, kavu, kama mlango unaofungwa na mtu asiye na hasira. Goti lote la jiwe la kulia, pamoja na ubavu wake wa juu, likateleza chini na kulala.

Watu walipiga kelele, wakakumbatiana. Masele alinibeba juu, mimi, mtu mzima, nikapita Kooni kifuani kwa mtu, kwa ubavu. Sasa najua kunavyokuwa. Si kuzuri.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mtaa mzima tumeshinda tunazoa vifusi. Nimepima mara ya mwisho. Chini, mita moja na sentimita hamsini, na kifuani vivyo hivyo. Kamba haina fundo la urefu huo.

Jumapili, 10 Desemba

Bajaji ilipanda hadi kwa Bibi Malimi. Aliiambia itangulie, imsubiri upande wa pili wa Koo. Alivuka Koo kwenye kiti chake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyemgusa, na sisi tulitembea nyuma kimya kama nyuma ya askofu. Katikati, pale penye kona, alisimama akapanga khanga yake vizuri. Kisha akaendelea. Upande wa pili ndipo akaingia kwenye bajaji, akamwambia dereva kwanza ampitishe ziwani akanawe mikono.

Kanisani walisimama mmoja mmoja. Kusudi langu ni kuimba. Kusudi langu ni kulea. Kokushubira alisema la kwake ni uvumilivu, na akanitazama. Ikafika zamu yangu. Mwalimu Nestory alitabasamu, akiwa ameshalijua jibu.

"Ndugu zangu," nikasema, "nilikuwa nalo hadi Ijumaa."

Watu walicheka sana. Mwalimu hakucheka. "Na sasa, mzee?"

"Sasa sina. Tumelipasua kwa nyundo, na mimi nilibeba kuni." Nikaona Bibi Malimi mstari wa mbele, mikono yake safi imekunjwa mapajani, akinikubalia kwa kichwa. Nikakaa.

Cheti wamenipa. Mahali pa kusudi Mwalimu ameandika: Linaendelea kutafutwa. Prudencia amekitundika juu ya vijiko.

Jumatatu, 11 Desemba

Hakuna aliyeniita. Prudencia ameuliza kama anaweza kutumia kamba yangu kuanikia nguo. Nikasema atumie.

Jumanne, 12 Desemba

Hakuna aliyeita. Kabati limepita barabarani saa nne, juu ya bajaji. Nilisimama dirishani. Lilipita vizuri.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua. Bibi Malimi amekwenda sokoni mwenyewe, amerudi na samaki ambaye amechaguliwa vibaya. Nimemwonyesha namna ya kutazama macho ya samaki. Tumecheka.

Alhamisi, 14 Desemba

Hakuna.

Ijumaa, 15 Desemba

Hakuna. Sina huzuni ya Juni. Huzuni ya Juni ilikuwa ya kuondolewa. Hii nimejiondoa mwenyewe, na nikikaa barazani naona sababu yake ikipita kwenye kiti cha magurudumu. Lakini asubuhi ni ndefu, sitadanganya.

Jumamosi, 16 Desemba

Saa tatu. Kuna ngoma. Masele amerudi kutoka Misungwi na lori, na kwenye lori kuna kitanda. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kimechongwa kwa mti mmoja, hakifunguki, kichwani kina simba wawili na miguuni kina ziwa zima na mitumbwi yake. Masele alipima Koo jipya kabla ya kumpa fundi vipimo, amemwambia kila mtu, alipima mara mbili. Watu wanane wamekibeba kwa nyimbo. Koo wamelivuka bila kugusa popote. Masele amepita chini ya dirisha langu akapunga mkono. "Shikamoo, mzee! Umeona? Kimepita chenyewe!" Marahaba. Nimeona.

Saa tatu na nusu. Nyimbo zimekatika ghafla.

Saa nne kasoro dakika kumi. Sauti ya Modesta, ya juu. Nimeinuka nikachungulia. Masele alipima Koo. Hakupima mlango wa nyumba yake. Kitanda kimeingia nusu, simba wako sebuleni, ziwa liko nje, na Masele mwenyewe yuko ndani hawezi kutoka.

Wameanza kuita. Naandika haraka kwa sababu

"Mzee Jovinary! Mzee Jovinary eeh!"

Nimepiga kelele kwamba Prudencia atoe nguo zake kwenye kamba yangu. Kumbe yuko mlangoni, nguo begani, kamba ameshaizungusha mkononi vizuri, na mkono wa pili ameshika sabuni.